Sifa za Ritha kwa Kihispania

Jumapili, 4 Julai 1999

Nimekasirika. Tena nimekasirika nikiwa kanisani, jambo ambalo si zuri.

Sababu ni Gasto. Gasto ana jenereta. Gasto ana televisheni na deki. Na sasa ana kanda za tamthilia ya Kimeksiko alizozitoa Arusha, na kijiji chetu kizima cha Sepuka kimehamia kwenye banda lake la video. Mimi niliyekuwa karani wa duka la ushirika, mtu wa kupimia watu sukari na kuitwa bwana, leo nauza mitumba kwenye turubai mbele ya banda lake. Watu wakiwahi viti wanakanyaga mashati yangu. Hili ndilo soko huria.

Hayo ningevumilia. Lakini na Ritha anakwenda!

Ritha ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza la mama yake, mama Raheli, ambaye masikio yake yamechoka. Nimempenda Ritha tangu duka la ushirika lilipokuwa bado na bidhaa. Yaani zamani sana.

Ndani ya tamthilia hiyo kuna kijana mmoja mwenye mashavu laini. Anaongea Kiingereza cha kubandikwa, mdomo unakwenda huku na sauti inakwenda kule. Lakini akifika kwenye kumsifia mwanamke, anarudi kwenye Kihispania chao. Jana alitamka neno moja tu, mwanamke akazimia. Ritha akalia. Leo baada ya ibada akamwambia dada yangu Dorkas kwamba wanaume wa Sepuka hawajui kusifia uzuri, kwamba sifa yao kubwa ni kukuambia umenenepa. Dorkas akaniletea habari hiyo huku akinitazama usoni.

Si kweli! Mwaka jana nilimwambia Ritha kwamba macho yake ni kama ya mtamba wa marehemu baba. Mtamba yule watu walitoka Ikungi kuja kumtazama! Ritha akaondoka bila kuaga.

Sawa. Anataka Kihispania. Atapata Kihispania.

Jumatatu, 5 Julai

Bahati imenitembelea! Kumbe Wahispania tunao hapa hapa. Wale wazungu wa shirika wanaochimba kisima karibu na zahanati ni Wahispania. Nimewaona kila siku wakiungua jua, wala sikuwahi kufikiri kwamba wana lugha ya maana.

Dereva wao ni Alphonce, mtu wa Manyoni, anayevaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Nikamuuliza kama anakijua Kihispania. Akasema siku hizi hata ndoto anaota kwa Kihispania. Nikamwomba maneno ya kusifia uzuri wa mwanamke. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote, hayatolewi hivi hivi, na kwamba yeye hajala kuku wa kienyeji tangu Pasaka.

Tukakubaliana. Neno moja, kuku mmoja.

Sina kuku. Dorkas anao. Lakini tunaishi nyumba moja, mama mmoja, baba mmoja, na mimi ndiye niliyejenga banda lao. Nikamchukua yule tetea anayechechemea. Angekufa mwenyewe siku moja.

Neno la kwanza: GWAPA. Maana yake mwanamke mzuri kupita kiasi. Alphonce amesisitiza litoke tumboni, kwa nguvu. Nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba. Mbuzi wa jirani wamekimbia. Lina nguvu kweli.

Jumanne, 6 Julai

Aibu. Aibu tupu.

Nilifika barazani saa nne asubuhi na shati la mikono mirefu, mtumba wa daraja la kwanza. Nikamwamkia mama Raheli, shikamoo mama, akaitikia marahaba. Ritha alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Nikaegemea nguzo kama yule wa tamthilia. Nikavuta pumzi. Nikamtazama, nikasema kutoka tumboni: Gwapa!

Ritha akaacha uzi. Akauliza nimesema nini. Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Akainua mkono taratibu, akanusa kwapani kwake.

Mama Raheli, ambaye kengele ya kanisa haisikii, hili alilisikia. Akauliza kwa sauti ya kufika sokoni ni kwapa la nani linalosemwa asubuhi hii. Ritha akasema Alute amekuja kumwambia ananuka kwapa. Nikasema hapana, ni sifa! Mama Raheli akasema kwao sifa ya namna hiyo hawaijui. Ritha akasema ameoga, na kama siamini nimuulize mtungi.

Niliondoka kinyumenyume. Nguzo nilisahau kwamba iko nyuma yangu.

Jioni Gasto alimpelekea Ritha sabuni ya kunukia. Amemwambia eti haamini yanayosemwa sokoni. Yanasemwa na nani kama si yeye!

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba

Nilimfuata Alphonce kudai kuku wangu. Akasema kuku hayupo tena katika hali ya kurudishika. Akasema neno halina kosa, kosa ni masikio ya watu wa Sepuka, na akanishauri nichukue neno laini zaidi. Nikarudi na kuku mwingine. Yule mwekundu.

Neno la pili: LINDA. Maana yake mrembo. Laini kama mafuta ya alizeti. Nani anaweza kuchukia neno laini namna hii?

Ritha alikuwa peke yake barazani, amefungua kazi ijapokuwa ni sikukuu. Nikamwomba radhi kwa jana. Akasema yamekwisha. Mwanamke wa moyo mzuri! Nikaegemea ile nguzo, nikalegeza macho, nikasema: Linda.

Akauliza alinde nini.

Nikasema tena, polepole: Linda, Ritha, linda. Akatazama kushoto na kulia, akauliza kama kuna wezi. Nikababaika. Nikasema vitambaa. Akasema kumbe nimekuja na wazo jema, kwa sababu alikuwa anataka kwenda kuangalia vitambaa vipya na alikosa mtu wa kumwachia baraza. Akanipa kigoda. Akaniambia mbuzi wasile magauni ya kipaimara.

Nimelinda mpaka jua limegeuka. Mama Raheli akaamka usingizini, akaniona nimekaa bure, akaniletea gunia la mahindi nipukuchue. Nikapukuchua. Vidole vimevimba.

Na vitambaa vipya vilikuwa kwa nani? Kwa Gasto! Sasa anauza na vitambaa! Ritha akarudi amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya Gasto, kitambaa mapajani, wanacheka. Gasto akanisalimia kwa jina la mlinzi.

Ijumaa, 9 Julai

Kuku mwingine. Dorkas ameanza kuwahesabu kwa macho. Nimemwambia kuna kicheche.

Neno la tatu: PRESYOSA. Maana yake mwanamke wa thamani, kama dhahabu ya Sekenke. Nililichunguza kwa makini kabla ya kulipokea. Si kiungo cha mwili. Si amri. Nikalikubali.

Nilimkuta Ritha anapima suruali, mama Raheli pembeni anachambua mchicha. Sikuegemea nguzo. Nilisimama wima kama shahidi mahakamani na kusema: Ritha, wewe ni presyosa.

Mama Raheli akadondosha mchicha. Presha! Nani ana presha? Ritha ana presha? Akainuka, akamshika mwanawe shingo, akatangaza kwa jirani kwamba amejua tu, mtoto amekuwa akilia kila jioni. Kabla sijafungua mdomo majirani wawili walikuwa wameshafika, mmoja na uji, mmoja na majani ya mlonge. Ritha akalazwa kwenye mkeka kwa nguvu. Wakaanza kumwombea.

Halafu jambo likatokea. Pale mkekani, huku amebanwa miguu, Ritha alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na akina mama wakazidi kuomba kwa sababu walidhani ndiyo presha inampanda.

Walipomwachia akanisindikiza mpaka barabarani. Peke yetu. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Alute, kuna kitu unataka kuniambia."

Nikasema kipo.

"Basi kiseme. Kwa Kiswahili. Au kwa Kinyaturu, mimi nasikia vyote."

Maneno yalikuwepo, yamepanga foleni kooni. Lakini nikamkumbuka yule wa mashavu laini, nikaona haya kumpa Ritha maneno ambayo hata muuza chumvi anayo.

"Utakisikia," nikasema. "Siku si nyingi."

"Kwa nini si leo?"

"Hakijaiva."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye suruali yake. Nadhani nimemwacha na hamu kubwa. Nimecheza vizuri sana leo.

Jumatatu, 12 Julai

Maji yametoka kisimani! Sepuka nzima ilikimbia. Mimi nilichelewa kwa sababu ya kukunja turubai, lakini kwa masikio yangu mwenyewe nilisikia wazungu wakipiga kelele wakati maji yakiruka juu: Susia! Susia! Wote wamelowa, wanakumbatiana, wanarukaruka.

Akili yangu ikafanya kazi. Wamechimba mwezi mzima kwenye mawe. Maji yametoka. Mtu wa namna hiyo atatamka neno gani kama si neno kubwa kuliko yote la uzuri?

Nikamuuliza Alphonce. Alifikiri kidogo, akasema nimekisia sawasawa, ni uzuri wa mwisho, wala hakutaka kulitoa mapema kwa watu wasio tayari. Nikamwambia linafanana na neno letu la kugomea kitu. Akasema kufanana huko ni bahati mbaya tu. Nikaona ni kweli. Baada ya kwapa na linda, bahati mbaya yote imeshanipitia. Haiwezi kuwa imebaki nyingine.

Kwa neno hili alitaka jogoo.

Jumamosi ni uzinduzi wa kisima. Mgeni rasmi anatoka wilayani. Injinia mkuu, mama wa Kihispania anayeitwa Pilar, atakuwepo. Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji nitoe shukrani kwa niaba ya wafanyabiashara, tena kwa lugha ya wageni. Amefurahi sana. Hapo hapo, mbele ya umati, nitamsifia Ritha. Gasto atakunja televisheni yake na kuhama.

Alhamisi, 15 Julai

Dorkas alichelewa kuamka. Hakuna kilichowika. Amekaa mlangoni tangu asubuhi na mwiko mkononi, anauliza ni kicheche gani anayechukua jogoo na kufunga mlango wa banda kwa waya.

Nikasema vicheche wa siku hizi wamejanjaruka.

Jumamosi, 17 Julai

Naandika nikiwa na nguo zilizolowa. Sitaki kuzibadilisha. Nataka niugue.

Mambo yalianza vizuri. Ngoma. Kwaya. Pampu ya mkono imefungwa utepe. Ritha amevaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe, amekaa safu ya pili na mama yake. Gasto yuko karibu nao na kipaza sauti chake, kwa sababu jenereta ni lake, kila kitu ni chake.

Nikaitwa. Nikawashukuru wafadhili kwa Kiswahili. Kisha nikanyoosha mkono kuelekea kisimani, ili nianze mbali na kumkaribia Ritha taratibu, nikasema kwa sauti kubwa: Susia!

Kimya.

Nikadhani wameguswa. Nikaongeza. Susia, ndugu zangu! Susia! Tangu nilipofungua macho, moyo wangu unasema susia!

Mgeni rasmi akamnong'oneza mwenyekiti. Mwenyekiti akasimama. Mgambo wawili wakanishika, mmoja mkono huu, mmoja ule. Mgeni rasmi akauliza kwa hasira ni chama gani kimenituma kuwashawishi wananchi wasusie kisima cha maendeleo. Nikasema sijatumwa, ni mapenzi! Akauliza mapenzi ya chama gani.

Nikapiga kelele kwamba ni Kihispania. Ni uzuri. Nilikuwa namwambia Ritha! Ritha ndiye susia! Na injinia pia, kwa heshima yake, naye ni susia!

Injinia Pilar akainuka. Kumbe anajua Kiswahili, tena kizuri kuliko cha mgeni rasmi. Akawaambia mgambo waniache. Akaniuliza neno hilo nimelipata wapi. Nikasema wao wenyewe walilitamka maji yalipotoka. Akafunga macho. Akachukua kipaza sauti na kuwaeleza watu polepole kwamba maji ya kwanza yalitoka na tope, wafanyakazi wake wakawa wanaonyana wasiyanywe, na kwamba neno hilo kwa lugha yao maana yake ni chafu. Mtu akimwambia mwanamke hivyo, amemwita mchafu.

Watu walicheka mpaka kwaya ikakaa chini. Nilimtafuta Alphonce kwa macho. Nikaona vumbi la gari tu.

Gasto akanyakua kipaza sauti. Akasema Ritha aje akae kwake mbele, kwenye kiti cha mto, asikae na watu wanaomwita mchafu. Akamwita kwa kidole. Njoo, njoo hapa.

Ritha akasimama. Akampita Gasto. Akafika kwenye pampu, akakata utepe kwa mkasi wake wa kushonea, akapampu. Maji meupe, safi. Akajaza ndoo ambayo mgeni rasmi alikuwa aionje kwa niaba ya serikali. Akaja nayo mpaka nilipokuwa. Akaniuliza, kila mtu akasikia:

"Nani mchafu?"

Na akanimwagia yote, kuanzia utosini.

Vigelegele. Hata mgambo walipiga vigelegele. Mama Raheli aliuliza nini kimetokea, akaelezwa sikioni, akacheka mpaka akashikiliwa.

Maji yale ni baridi sana. Hilo shirika lirekebishe.

Jumapili, 18 Julai

Sikwenda kanisani. Sikuugua pia. Hata mafua yamenisusia.

Dorkas amejua habari ya kuku. Alphonce aliwaambia watu wote wa shirika jinsi alivyokula. Dorkas amesema kuanzia leo nitaamka kabla ya jua na kumwamsha mimi, kwa sauti ile ile ya jogoo. Nimedhani anatania. Hatanii.

Jumanne, 20 Julai

Ritha amekuja!

Nilikuwa nimejifunika turubai sokoni, natoa mkono tu kupokea wateja. Akalifunua. Nikajiandaa kwa ndoo ya pili. Hakuwa na ndoo. Akakaa juu ya mzigo wa suruali.

"Gasto ameleta maneno ya posa nyumbani," akasema. "Anataka jibu."

Nikasema nimesikia. Sikuwa nimesikia.

"Kwa Gasto nalia kila jioni. Nimechoka kulia, Alute. Na Jumamosi aliniita kwa kidole, kama anaita bata."

Kwa mara ya kwanza sikuwa na mpango wowote.

"Wewe umeniita kwapa, umeniita mgonjwa, umeniita mchafu mbele ya serikali. Lakini tangu tumzike baba sijacheka kama nilivyocheka mwezi huu. Na mama amecheka. Ulimwona mama?"

Nikasema nilimwona.

"Njoo Jumapili na baba yako mdogo. Mzungumze Kinyaturu, kama watu. Ukitamka kwangu neno moja la Kihispania, nafunga mlango na Gasto anapata jibu lake siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

Nikaitikia. Ilinitoka sauti ndogo kama ya kifaranga. Akainuka, akakung'uta sketi, akachagua shati moja la mtumba kwenye rundo, akasema hilo hapana, lile la bluu ndiyo nivae. Akaondoka.

Nimewauzia watu watatu nguo bila kujua nimewauzia nini.

Jumamosi, 24 Julai

Kesho ndiyo kesho! Baba mdogo Hosea amefika kutoka Ikungi na fimbo yake nzuri. Dorkas amepiga pasi shati la bluu. Amesema nikifika kule niseme kidogo na nitabasamu sana. Nimemkubalia kila kitu. Mimi ni mtu mpya. Nimetafakari, na nimeona wazi nilipokosea.

Nilikosea mtu. Sifa nilimpelekea Ritha, wakati mwenye uamuzi wa mwisho ni mama Raheli!

Sharti la Ritha nalikumbuka neno kwa neno. Alisema nisitamke Kihispania kwake. Kwake. Habari ya mama yake hakuigusa.

Kwa hiyo leo mchana nilikwenda kambini. Injinia Pilar alikuwepo, akaniita vizuri, akasema kama nataka neno la heshima kwa mama mkwe yeye yuko tayari kunipa la kweli. Nikamshukuru, nikasubiri aondoke. Sitaki kumvunjia heshima, lakini yule Kihispania chake amejifunza kwa mama yake tu, nyumbani. Alphonce amejifunzia kazini.

Alphonce aliniomba radhi kwa yaliyopita, akasema neno hili linatoka bure kabisa. Kila asubuhi lile lori kuukuu la shirika linapokataa kuwaka, wazungu wote hulizunguka na kuliita jina hilo kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kwa hisia nzito, na mmoja wao hulipiga teke. Nilimuuliza kama hana wasiwasi. Akaniuliza kama nimewahi kuona watu wakikijali kitu namna hiyo kila siku bila kukiheshimu.

Sijawahi.

Neno lenyewe ni refu na lina kishindo katikati. Zuri sana. Mama Raheli hasikii vizuri, kwa hiyo kesho nitamsogelea mpaka sikioni, na nitalitoa tumboni.